Mvua Ilinyesha Wapi, Lini, na kwa Nini?

Mtangazaji wa redio akitaka kuwachangamsha wasikilizaji asubuhi huuliza mkoa upi una baridi kuliko yote nchini. Mwalimu wa jiografia akibakiwa na dakika tano kabla ya kengele huuliza mvua kubwa za El Niño zilinyesha mwaka gani. Kwenye kundi la simu la ukoo mtu hurusha swali la mlima wenye theluji, na majibu humiminika papo hapo. Maswali haya hayana ubaya, ila hayapimi kitu. Anayejibu “Njombe” au “1997” ameonyesha tu kwamba amewahi kusikia neno hilo likifuatana na swali hilo. Hajaonyesha kama anajua kinachoipa Njombe baridi, wala kama mvua za 1997 ziliwafika watu wa Songea kama zilivyowafika watu wa Dar es Salaam. Ninachopendekeza kwa mwalimu, mtangazaji, mzazi au yeyote anayetunga maswali ya hali ya hewa ya Tanzania ni kuacha kupima kumbukumbu na kuanza kupima uhakika. Tafuta yale ambayo watu wanayajibu bila kusita na wakakosea, kwa kuwa humo ndimo uamuzi mbaya unamozaliwa: shamba lililopandwa mapema, nyumba iliyojengwa bondeni, chombo kilichong’oa nanga siku isiyofaa. Asiyejua na anajua kwamba hajui atauliza, lakini mwenye uhakika wa bure hataki ushauri wa mtu.

Anza na misimu, maana huko ndiko kosa kubwa lilikojificha. Muulize mtu wa Tanga au Moshi mvua za vuli hunyesha lini Songea. Wengi watasema Oktoba hadi Desemba, na watasema kwa sauti ya mtu anayejua. Songea haina vuli. Mikoa ya kusini, nyanda za juu kusini magharibi, magharibi na kati hupata mvua mara moja kwa mwaka, tangu Novemba hadi Aprili hivi, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, yaani TMA, huziita mvua za msimu. Vuli na masika ni mambo ya pwani ya kaskazini, Unguja na Pemba, nyanda za juu kaskazini mashariki na ukanda wa Ziwa Victoria. Chanzo ni kimoja kwa nchi nzima: ukanda wa mvua unaolifuata jua likishuka kusini na kurudi kaskazini. Kaskazini mwa nchi ukanda huo hupita mara mbili, wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Kusini ndiko unakogeukia, kwa hiyo huko mvua huwa moja ndefu. Joto nalo lina kalenda zaidi ya moja. Dar es Salaam huungua kati ya Januari na Machi, kaskazi ikivuma, hali Tabora huwa na joto kali zaidi Oktoba, kabla mawingu hayajaifunika. Dodoma katika mwaka wa kawaida haifikishi milimita 600 za mvua. Bukoba huzikaribia milimita 2,000, na Tukuyu huzipita. Kwa hiyo swali lolote linaloanza na “Tanzania hupata mvua kiasi gani” lifutwe kabla halijafika mezani. Jibu lake, hata likiwa sahihi kihesabu, haliielezi sehemu yoyote ambako mtu anaishi.

Atakayeona haya ni mambo ya darasani tu aukumbuke Mradi wa Karanga. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza, ikihangaika na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield kukagua ardhi ya Afrika Mashariki. Ukaguzi ulichukua wiki chache. Mpango uliotokana nao ulilenga zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, na kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947, kisha Urambo na Nachingwea. Mapema mwaka 1951 mradi ulifutwa, na pauni milioni 36 hivi za walipa kodi wa Uingereza zilikuwa zimekwenda na maji, ingawa pale Kongwa maji ndiyo hasa yaliyokosekana. Sababu zilikuwa nyingi: matrekta mengi yalikuwa mitumba ya jeshi, mizizi ya vichaka ilivunja zana, reli na bandari hazikutosha, na udongo wa Kongwa ukikauka hukaza kiasi kwamba karanga hazing’oki. Lakini juu ya hayo yote kulikuwa na wastani wa mvua uliosomwa kijuujuu. Mvua ya Ugogo, ambako Kongwa ipo, huja kwa mikupuo, hukatika kwa wiki kadhaa katikati ya msimu, na mwaka mmoja haufanani na unaoufuata. Wagogo walilima uwele na mtama na kuweka akiba yao katika ng’ombe kwa kuwa waliijua tabia hiyo. Waliopanga mradi walikuwa na tarakimu. Wenyeji walikuwa na maarifa. Hapa mtungaji wa maswali anapata swali zuri kuliko “mradi wa karanga ulianza mwaka gani”. Aulize hivi: sehemu mbili zina wastani sawa wa mvua kwa mwaka, kwa nini moja huvuna na nyingine haivuni? Anayeweza kuzungumzia mtawanyiko wa mvua ndani ya msimu, udongo na tofauti ya mwaka na mwaka amefaulu, hata kama hamjui Wakefield.

Uhakika mwingine unaostahili kutikiswa ni ule usemao Tanzania haipigwi na kimbunga. Una chembe ya ukweli, na kwa hiyo ni wa hatari zaidi. Vimbunga vya bahari huhitaji maji ya moto na huhitaji nguvu ya mzunguko wa dunia ili upepo ujisokote, na nguvu hiyo hufifia kadiri unavyoikaribia ikweta. Juu ya hayo Madagaska hukaa njiani, na vimbunga vingi vya kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi hukunja kuelekea kusini kabla ya kufika kwetu. Hivyo ni nadra. Lakini Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikabomoa majengo ya mji, kikazamisha vyombo bandarini, zikiwemo merikebu za Sultani Barghash, na kung’oa mikarafuu na minazi mashambani. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Tukio hilo moja ni miongoni mwa sababu zilizoifanya Pemba kuwa kisiwa cha karafuu kuliko Unguja hadi leo, na ndiyo maana nasema historia ya hali ya hewa ni sehemu ya historia ya uchumi. Kuitenga ni kuipunguza. Miaka 80 baadaye, Aprili 1952, kimbunga kilitua Lindi na kuua watu. Aprili 2019 Kenneth kilielekea mpakani, watu wa Mtwara wakahamishwa kwa tahadhari, kikaishia kuiumiza Cabo Delgado upande wa Msumbiji. Aprili 2021 Jobo kilifika karibu na pwani yetu kikiwa kimeishiwa nguvu. Mwanzoni mwa Mei 2024 Hidaya kilifika Mafia na pwani ya kusini, na mvua zake zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Msomaji atakuwa ameliona swali lenyewe likijileta: vyote vitano vilikuja miezi ipi? Aprili na mwanzo wa Mei, mwishoni mwa msimu wa vimbunga wa kusini mwa ikweta. Mvuvi wa Kilwa anayelijua hilo ana faida kuliko yule aliyekariri kasi ya upepo wa Kenneth.

Tukija kwenye El Niño inafaa kwenda polepole, kwa sababu hakuna neno la hali ya hewa linalotumiwa kwa uhakika mwingi na uelewa mdogo kiasi hiki. Tangu mvua za mwishoni mwa 1997 na mwanzoni mwa 1998, zilizoharibu barabara, madaraja na mazao na kufuatiwa na mlipuko wa homa ya Bonde la Ufa kwa mifugo na watu, wengi wetu tumeamini kwamba El Niño ni jina jingine la mafuriko. Swali la kuuvunja uhakika huo lina sehemu mbili: taja mwaka uliokuwa na mafuriko makubwa bila El Niño ya maana, kisha taja mwaka uliokuwa na El Niño kali bila mafuriko kama ya 1997. Jibu la sehemu ya kwanza ni 1961. Mwaka huo ulitanguliwa na ukame mkali na njaa Ugogo na kwingineko, kisha mvua za Oktoba hadi Desemba zikaja kwa wingi usio wa kawaida, katika msimu uleule ambao Tanganyika ilipandisha bendera yake tarehe 9 Desemba. Ziwa Victoria likaanza kupanda, na kufikia 1964 lilikuwa limepanda kwa zaidi ya mita 2. Bahari ya Pasifiki, ambako El Niño huzaliwa, haikuwa na habari yoyote kubwa. Kilichotokea ni Bahari ya Hindi upande wetu kupata joto kuliko kawaida huku upande wa Indonesia ukipoa, hali ambayo wanasayansi huiita dipoli ya Bahari ya Hindi. Hewa yenye unyevu ikasukumwa kwetu. Jibu la sehemu ya pili ni 2015: El Niño ya mwaka huo ilikuwa kali, karibu sawa na ya 1997, na watu walijiandaa kwa gharika, lakini mvua za vuli hazikufikia zile. Mwaka 1997 Pasifiki na Bahari ya Hindi zilisaidiana, na 2015 hazikusaidiana hivyo. Mwaka 2019 ukarudia somo la 1961: dipoli kali, Pasifiki karibu imetulia, vuli kubwa mno, na mwezi Mei 2020 Ziwa Victoria likafikia tena kimo cha 1964, likiingia kwenye mialo na nyumba za kandokando. Kinyume chake nacho kiulizwe. Mwishoni mwa 2022, La Niña ikiwa katika mwaka wake wa tatu mfululizo, mto Ruvu ulipungua hadi Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao wa maji.

Kuna watakaosema kwamba kumweleza mtu wa kawaida habari za dipoli ni kumchanganya, na kwamba heri ajue El Niño peke yake kuliko kutojua lolote. Sikubaliani. Mtu aliyefundishwa kwamba El Niño ni mafuriko ataona mwaka 2015 umepita salama, ataamua kwamba watabiri ni waongo, na mwaka utakaofuata hatasikiliza tahadhari. Maarifa nusu huila imani ya watu kwa taasisi. Aliyefundishwa kwamba kuna bahari mbili, na kwamba zikikubaliana mvua huzidi, ana kitu cha kuangalia kila inapokaribia Septemba. Tena si kigumu: mtoto wa darasa la sita anayeweza kuzifuata timu mbili za Kariakoo kwenye msimamo wa ligi anaweza kuzifuata bahari mbili.

Kilimanjaro nayo imewekewa jibu moja la mkato: barafu inayeyuka kwa sababu dunia inapata joto. Joto la dunia ni la kweli na lina mchango wake, lakini swali la haki lianze na ushahidi. Mwaka 1912 barafu ya mlima ilipimwa na kukadiriwa kuwa kilomita za mraba 12 hivi. Mwaka 2007 ilikuwa imebaki chini ya 2. Hivyo asilimia 85 hivi iliondoka ndani ya chini ya karne. Sasa muulize mjibuji: kama kupungua kulianza mwishoni mwa karne ya 19, kabla ya joto tunaloliona leo, nini kilikuwa kikiendelea? Watafiti waliosoma mlima huo wameeleza kwamba hewa ya Afrika Mashariki ilipungukiwa na unyevu tangu miaka ya 1880 hivi, theluji mpya ikawa haba, na barafu isiyolishwa ikaendelea kuliwa na jua, sehemu ikigeuka mvuke moja kwa moja bila kupita hatua ya maji. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni mwaka 1889 waliikuta barafu ambayo tayari ilikuwa imeanza safari yake ya kupungua. Kuna sehemu ya pili ya swali hili ambayo huwafundisha watu kiasi. Mwaka 2002 watafiti maarufu walikadiria kwamba barafu hiyo ingetoweka kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na mabaki bado yapo. Je, utafiti ulikuwa wa uongo? Anayejibu ndiyo amekosea, na anayejibu kwamba mabadiliko ya tabianchi basi ni porojo amekosea zaidi. Mwelekeo ulikuwa sahihi, tarehe haikuwa. Kutenganisha mwelekeo na tarehe ni ujuzi ambao shindano zuri linapaswa kuutoa, na ni nadra kuupata.

Vilevile pima kama mjibuji anaweza kutenganisha hali ya hewa na matendo ya watu, maana majanga mengi tunayoyaweka kwenye hesabu ya mvua yana wahusika wengine. Njaa kubwa ya Ugogo iitwayo Mtunya, ya kati ya 1917 na 1920, ilikuwa na ukame ndani yake, ila ilikuwa pia na majeshi ya Wajerumani na Waingereza yaliyochukua nafaka, ng’ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Upungufu wa chakula wa 1974 ulikuja na ukame, na ukaja pia wakati watu wakihamishiwa vijiji vipya wakiacha mashamba waliyoyazoea. Hadi leo wanahistoria wanabishana kuhusu uzito wa kila sababu, na swali lenye ubishi wa kweli ni zuri kuliko lenye jibu la neno moja. Ukame wa 2005 na 2006 uliitia nchi gizani kwa sababu umeme wetu ulitegemea sana maji ya mabwawa kama Mtera. Mafuriko ya Dar es Salaam ya Desemba 2011 yaliua kwa sababu mvua ilikuwa kubwa na kwa sababu watu walikuwa wamejenga ndani ya bonde la Msimbazi. Baadhi yao wakahamishiwa Mabwepande. Tope lililoshuka mlima Hanang na kuifunika Katesh tarehe 3 Desemba 2023 liliua watu 89. Kwa kila tukio la namna hii maswali ni matatu: mvua au ukame ulikuwa wa kiasi gani, ulikuta nini chini, na nini kingepunguza madhara? Anayejibu la kwanza tu anakumbuka habari ya gazeti.

Pingamizi zito zaidi naliona kuwa la namba. Mtu atauliza: ukiondoa tarakimu, si kila mtu atakuwa anapiga soga? Ni kweli kwamba bila vipimo historia ya hali ya hewa hugeuka hadithi. Lakini namba ya kukariri na namba ya kutumia ni vitu viwili. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Ajuaye hilo tu anaweza kuambiwa kwamba paa la nyumba lina mita za mraba 50 na mvua iliyonyesha ni milimita 100, akasema pale pale kwamba zimedondoka lita 5,000, tangi zima kubwa, na kwamba zikikosa mfereji zitatafuta njia kwa jirani. Swali hilo lina namba tatu na hakuna iliyokaririwa. Namba za aina hii ziingie kwa wingi. Zile za “mvua kubwa kuliko zote katika historia” ziingie kwa tahadhari, tena zikifuatwa na swali la pili: historia ya nani? Rekodi ya mvua ni rekodi ya mahali penye kipimo. Huduma ya hali ya hewa ya pamoja kwa makoloni ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilianzishwa mwaka 1929, makao yake Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ikabaki na idara yake. Wakala wa taifa ukaanza mwaka 1999, na sheria ya 2019 ikaufanya kuwa mamlaka. Kabla ya 1929 vipimo vilikuwa mikononi mwa mamisheni, mashamba ya mkonge na vituo vya Wajerumani, vikiwa vichache na vimetawanyika. Mvua ya mawe iliyoua makumi ya watu Mwakata, Kahama, usiku mmoja wa Machi 2015 ingeweza kunyesha kilomita chache kutoka kwenye kituo na kituo kisiandike chochote. Kwa hiyo mtu akisema “haijawahi kutokea”, muulize tangu lini tunapima, na tunapima wapi.

Wapo pia wanaosema simu imemaliza kazi: ukitaka mwaka wa mafuriko unauuliza mtandao. Waruhusu watumie simu, basi. Maswali niliyoyataja humu hayaharibiki kwa simu. Swali la mwaka wa El Niño usio na mafuriko litamfanya mtu asome, alinganishe, atilie shaka. Swali linaloharibiwa na simu halikuwa la thamani hata kabla ya simu kuwepo. Weka sharti moja tu, kwamba kila jibu lije na chanzo chake, na chanzo kisiwe picha iliyosambazwa bila tarehe. Kila tukipata mvua kubwa hurudi video za mafuriko ya nchi nyingine au ya miaka mingine zikidaiwa kuwa za jana. Kumpa mtu video tatu na kumtaka aseme ipi haiwezi kuwa ya Aprili pwani ya Tanzania, na kwa ushahidi gani wa majani, bahari au mavazi, ni mtihani mzuri wa hali ya hewa kuliko maswali kumi ya kujaza nafasi.

Na wazee? Mtu anaweza kuuliza kwa nini tusumbuke na vipimo wakati babu zetu waliijua mvua bila kifaa. Heshima hiyo naikubali, na ina msingi. Watu wa mwambao, kwa mfano, hawakutegemea mwaka wa Kiislamu kuhesabu misimu ya kilimo na safari, kwa kuwa mwaka huo wa mwezi hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka wa jua. Walihesabu kutoka Nairuzi, mwaka wa siku 365 uliogawanywa katika miongo ya siku kumi kumi, na kwa hesabu hiyo nahodha alijua kusi na kaskazi vinaingia lini. Sherehe ya Mwaka Kogwa inayofanyika Makunduchi kila Julai ni mabaki ya kalenda hiyo. Lakini kumbukumbu ya mtu mmoja mmoja hukunja mambo: mwaka mbaya hukua, miaka ya kawaida hufutika, na “zamani mvua ilikuja kwa tarehe yake” husemwa na kila kizazi. Zamani hiyo hiyo ina ukame wa 1949, wa 1974 na wa 1984. Wakati huohuo si haki kumbeza mzee anayesema masika imepungua, kwa kuwa vipimo vya Afrika Mashariki vilionyesha masika ikidhoofika kuanzia miaka ya 1980 hadi miaka ya 2000, huku kompyuta za utabiri wa tabianchi zikisema itaongezeka. Fumbo hilo limewashughulisha wanasayansi wengi. Njia ya haki ni kumsaidia mzee aitie kumbukumbu nanga: mafuriko hayo yalikuwa kabla ya Uhuru au baada, kabla ya vijiji au baada, kabla ya Vita vya Kagera au baada? Kisha linganisha na vipimo. Wakikubaliana, umepata ushahidi wa pande mbili. Wasipokubaliana, umepata swali la shindano lijalo.

Yabaki ya utekelezaji, na haya ni mepesi. Maswali nane yanatosha kwa jioni moja; mtu akichoka hubahatisha. Nusu yawe ya wilaya mnayoishi, maana aibu ya kutoujua mto wa nyumbani hufundisha kuliko sifa ya kuijua Pasifiki. Kabla ya kutaja jibu, kila mjibuji aandike ana uhakika kiasi gani, kuanzia 1 hadi 5, na alama zihesabiwe kwa namna ambayo kosa lenye uhakika wa 5 linagharimu zaidi ya kosa lenye uhakika wa 1. Mara ya kwanza watu hucheka, halafu hunyamaza na kuanza kufikiri. Usikubali jibu lisilotaja mahali. Maneno “kamwe” na “siku zote” yakiingia kwenye jibu, yapewe swali la nyongeza hapo hapo. Na mtungaji awe tayari kushindwa na mjibuji mwenye ushahidi. Alama apewe mbele ya watu, bila kununa.

Swali moja lisikose kila msimu. TMA hutoa utabiri wa vuli, wa msimu na wa masika kabla mvua hazijaanza, ukieleza kwa kila eneo kama zitakuwa za wastani, juu ya wastani au chini yake. Siku utakapotangazwa, andikeni kwenye karatasi moja utabiri wa wilaya yenu na makisio ya kila mmoja wenu pamoja na sababu zake, kisha ifungeni. Tafuteni chombo cha kukinga mvua chenye kuta zilizonyooka, kiwekwe uwanjani mbali na miti na mapaa, na mtoto mmoja apewe jukumu la kupima kimo cha maji kwa rula kila siku saa tatu asubuhi, kukiandika na kukimwaga. Mvua zikiisha, ifungueni karatasi na msahihishe kwa vipimo vyenu wenyewe. Utabiri wa vuli hutoka kabla ya Oktoba. Walioko kusini na kati wasubiri ule wa msimu.